Kila Mtu Mlanguzi Ila Mimi

Jumanne, 3 Juni
Leo nimeitwa mlanguzi mbele ya kamati nzima ya harusi. Aliyeniita ni Mama Peniel, mama wa bwana harusi, huku akitafuna karanga zangu. Eti sukari ya mwaka jana. Sukari iliadimika, mimi nikawa nayo mifuko kumi chini ya kitanda. Kosa langu liko wapi? Dalali anauza mali ya mwenzake. Winga anavuta wateja mashati. Mlanguzi ana ghala na kitambi. Mimi nina kitanda tu. Mimi ni mjasiriamali.

Kamati imeamua: nitabaki msimamizi wa bibi harusi, ila nikisikika kwenye biashara yoyote ya kuficha bidhaa kabla ya tarehe 28, nafasi anapewa jirani yangu Yasinta. Yasinta tayari ameanza kunyoosha shingo. Nimekubali. Belinda ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajui kufunga vifungo. Shela yake haishikwi na Yasinta nikiwa hai.

Alhamisi, 5 Juni
Kamati imechagua sare: kitenge cha kijani chenye picha za feni. Itatangazwa kanisani Jumapili, mpaka hapo ni siri. Mjini Singida kitenge hicho kipo duka moja tu, kwa Shamte. Nimepiga makofi kuliko wajumbe wote. Njiani kurudi nyumbani Utemini nikapata wazo. Sikulitafuta. Lilikuja lenyewe.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeuza mabati tuliyonunua ya kuezekea jiko. Dukani sikukanyaga, jina langu liko kwenye uangalizi. Nimemtuma Obadia, dalali wa viwanja, ambaye siku hizi anataka aitwe wakala. Kachukua majora yote sita. Sasa yako chini ya kitanda, yananukia upya.

Jioni mume wangu Chediel karudi kutoka Itigi na asali yake, akauliza mabati yako wapi. Nikasema upepo. Singida hii, nani atabisha? Ametoka kuyatafuta kwa majirani.

Jumapili, 8 Juni
Sare imetangazwa. Akina mama wametoka kanisani mbio mpaka kwa Shamte, wamekuta rafu tupu. Nimesikitika nao kwa sauti kubwa.

Jumanne, 10 Juni
Yote sita yameuzwa! Mteja mmoja, bei mara mbili, mambo yote kwa simu na Obadia, na hataki kujulikana. Nimerukaruka chumbani. Chediel akauliza kulikoni. Nikasema siafu. Kaleta majivu akamwaga chumba kizima.

Jumatatu, 16 Juni
Balaa. Sikujibakizia hata kipande, na msimamizi ndiye wa kwanza kuvaa sare. Nimeulizia, nikapewa namba ya mtu anayeuza kwa simu. Bei mara tano ya Shamte. Mlanguzi huyo! Kuna watu hawana huruma na wenzao.

Nikaingiza namba nimtumie pesa. Simu ikaleta jina la mwenye namba ili nithibitishe: Asnath Yeremia. Nikakaa chini. Asnath Yeremia ni Mama Peniel.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Nikampa shikamoo, akaitika, nikamwonyesha simu. Hakushtuka. Alisema yeye halangui, anawahifadhia wageni wa mbali. Nikamuuliza neno hilo zuri lilikuwa wapi wakati wa sukari. Hasira zikanipanda, nikapayuka kwamba bila mimi asingepata hata jora moja. Akatabasamu taratibu. Hapo ndipo niliposikia nilichosema.

Jumatano, 18 Juni
Mama Peniel kanishtaki kwa kamati. Na mimi nikamshtaki. Yasinta akasogeza kiti chake karibu na mwenyekiti. Wakashindwa kuamua, wakamwita Belinda achague mwenyewe.

Nisingemlaumu kama angenikataa. Belinda akasema habari ya sukari anaijua, yeye ndiye aliyekuwa akifagia chini ya kitanda, na karo yake ya mwaka wa mwisho ilitoka hapo hapo. Akasema kama hasimamiwi na mama mdogo, kanisani haingii. Nimelia mpaka mwenyekiti akaniazima leso.

Kisha kamati ikafuta sare. Kila mtu avae alichonacho. Mama Peniel kabaki na majora sita, na hapo nikacheka na leso ya mwenyekiti mdomoni.

Jumamosi, 28 Juni
Nimesimama! Gauni la zambarau la kuazima, shela ya Belinda mkononi mwangu. Wakati wa viapo alinitafuta kwa macho kwanza, ndipo akasema ndiyo. Sijawahi kufurahi hivyo. Nikamwahidi Mungu pale pale kwamba biashara ya kuficha vitu basi, nimeacha.

Mchungaji akafuata na matangazo. Mwezi ujao kuna mkutano wa akina mama wa dayosisi nzima, hapa kwetu. Wageni mia nne, wa siku tatu, na kila mgeni aandaliwe kuku wa kienyeji. Mama Peniel, kiti cha mbele, alinigeukia kabla tangazo halijaisha.

Jumatatu mimi na yeye tunaenda Mtinko, tuwahi kuku kabla mnada haujachangamka. Kuku wote. Obadia anatafuta banda. Huo si ulanguzi. Ni ukarimu, ila tumeuanza mapema.