Muhogo Kwenye Eksozi

Ya Seif mmeyasikia? Kama bado, wekeni vikombe chini kwanza, chai isije ikawapalia.

Seif wa Maili Moja alikuwa na mdomo wa kumuuzia samaki maji. Kazi yake hakuna aliyeijua. Tulichokijua ni shati jeupe, pikipiki mpya inayong'aa kuliko meno yake, na tabia ya kuegemea ukuta wa gereji ya fundi Isihaka kila asubuhi, anasikiliza shida za watu. Wenzake husikiliza redio.

Asubuhi hiyo shida ilikuwa moja tu: pikapu. Wenye pikapu za aina ileile walikuwa wamemzonga fundi, kila mtu na kilio chake.

"Yangu inatoa moshi mweusi, nyuma yangu kila mtu anageuka muuza mkaa!"

"Afadhali moshi! Yangu ikiona mlima inakohoa kama babu."

"Mimi eksozi imedondoka jana mbele ya kanisa. Kwaya nzima ililala chini!"

Katikati yao alisimama mama mmoja wa Kisarawe, Bi Mwanamvua, muuza mihogo. "Fundi, mimi nimechoka," alisema. "Akitokea mtu mwenye chombo kinachotembea, tunabadilishana leoleo."

Masikio ya Seif yakasimama. Kule Kwala kulikuwa na bwana anaitwa Hilario, anatafuta pikapu ya kubebea saruji kwa udi na uvumba, wala hakuwa mtu wa kuchaguachagua. Kuhusu injini, Seif hakujua lolote. Alichokijua vizuri ni sura ya mtu aliyekata tamaa. Akapanga mchongo: aiue ile gari mbele ya macho ya mwenyewe, aondoke na maiti, halafu aifufue kona ya pili.

Wiki iliyofuata akatua Kisarawe. Pikapu hiyo hapo, imepaki nje kwenye mteremko, pua imeinuka juu kama bwana harusi. Pembeni kulikuwa na lundo la mihogo. Seif akatazama kulia, akatazama kushoto, akachagua muhogo mnene, akaushindilia kwenye eksozi mpaka ukazama. Akajipangusa mikono, akapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu chai."

Kwenye mkeka alikuwepo mjumbe wa mtaa, Mzee Mfaume, anamenyana na kiazi cha moto. Seif akaamkia tena, akajitambulisha: mtaalamu wa injini, mzaliwa wa Tabora, amesikia kuna pikapu inasumbua.

"Ala! Mnyamwezi!" Bi Mwanamvua akacheka. "Babu yako alitubebea mizigo mpaka pwani, leo umefuata nini? Masalio?"

"Nimefuata shamba, mtani wangu. Si nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnauza mpaka shamba?"

Wakacheka wote, na Seif akajua ameshaingia ndani. Akamgeukia mjumbe kabisa: "Mzee, wewe ni shahidi. Sisi watani. Mtani akimfanyia mwenzie lolote, hakuna kesi. Sawa?"

"Ndiyo mila," alisema Mzee Mfaume, kiazi mdomoni.

Wakaenda kwenye gari.

"Mwanangu, kabla hujahangaika," Bi Mwanamvua alianza, "hii gari ina..."

"Usiniambie! Mtaalamu haambiwi. Washa, mama."

"Niwashe?"

"We washa tu."

Akazungusha ufunguo. Tik. Kimya. Seif mwenyewe alishtuka kidogo. Alitegemea vikohozi viwili vitatu. Huu muhogo wa Kisarawe una nguvu gani?

"Imekufa," akatangaza, mkono kifuani.

"Fungua basi boneti uone, maana..."

"Boneti? Mama, thubutu! Gesi iliyojifungia humo itatuondoa nyusi!"

Bi Mwanamvua akazunguka nyuma ya gari taratibu, akainama kuokota ndala. Alikaa ameinama muda kidogo. Aliporudi, uso ulikuwa na huzuni ya msibani.

"Basi mtani wangu, nifanyeje mie?"

"Nakuonea huruma. Chukua pikipiki yangu, mimi nibebe huu msiba."

Wakapeana mikono, kadi kwa kadi, mjumbe akishuhudia. Vijana wakasukuma pikapu.

"Bro, mbona nyepesi hivi?" mmoja akauliza.

"Baraka hizo," alijibu Seif.

Kona ya pili akawaaga, akachomoa muhogo, akaingia, akazungusha ufunguo kwa madaha. Tik. Akazungusha tena. Tik. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aanze utaalamu wake, Seif akafungua boneti.

Ndani kulikuwa na ardhi. Ndiyo, aliiona barabara ya Kisarawe mpaka chini, na mjusi mmoja aliyemwangalia kama mpangaji anavyomwangalia mwenye nyumba mpya. Injini hakuna!

Akapanda mlima mbio, shati limeloa. Bi Mwanamvua alikuwa juu ya pikipiki, anafundishwa gia.

"Mama! Injini iko wapi?"

"Si kwa fundi Isihaka? Alikuja kuing'oa juzi, anaitibu moshi kule kwake. Nilitaka kukwambia mara mbili, ukasema mtaalamu haambiwi."

"Huu ni wizi! Mzee, nataka kesi!"

Mzee Mfaume akameza kiazi chake cha mwisho. "Kesi ya watani, mwanangu? Ulinifunga mdomo mwenyewe."

"Ila mtani," Bi Mwanamvua akasema kwa upole, "muhogo wangu umeutoa? Ule ulikuwa wa mteja."

Seif akateremka mpaka kwenye bodi lake, akakaa juu ya bampa. Jua lilikuwa kali, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Akauokota ule muhogo, akaunusa. Haukuwa na hata chembe ya moshi.

Akaumenya, akautafuna. Mtamu, wallahi!