Kiti Kimoja cha Delaware na Gari la Walioshindwa

Jumapili, 3 Novemba

Mpango umeiva. Keshokutwa nashindwa uchaguzi wa Kongresi!

Sina wazimu. Hapa Georgetown, Delaware, siku mbili baada ya kura, huwa ni Siku ya Matokeo. Mshindi na mshindwa hupanda gari moja la farasi, magoti kwa magoti, wakazungushwa mbele ya mahakama. Kisha shoka linazikwa mchangani na ugomvi umekwisha. Mama ana miaka tisini na moja. Hajawahi kumwona mtu wa ukoo wetu wa Truitt hata mmoja garini, na anasema hafumbi macho mpaka amwone.

Kushinda ni kazi. Kushindwa, hata mimi naweza! Ndiyo maana nikaanzisha Chama cha Wafugaji Kuku Wadogo. Mwanachama ni mimi. Jirani yangu Wilbur Messick, ambaye hatusemeshani naye tangu jogoo wake alipoingia bustanini mwangu, kaniiga palepale. Chake ni cha Wafugaji Kuku Wakweli. Wakweli! Mwezi mzima nimewaomba ndugu wasinipigie kura, maana nikishinda itabidi nihamie Washington, na kuku nani atawalisha?

Jumatatu, 4 Novemba

Balaa. Bibi wa kamati ya maandamano kasema vyama vidogo vimebakiziwa nafasi ya mgombea mmoja tu, kwenye gari la mwisho. Ataipata mwenye kura nyingi. Yule mwenye chache atatazama na watu wengine.

Nimezunguka mji mzima nikiomba kura nilizokuwa nikizikataa. Muuza chakula cha kuku kaniuliza kama nimelewa. Nimerudi nyumbani miguu haina kazi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepiga kura. Sijui niandikeje.

Niliingia nikiwa na nia moja: kujipigia. Nikaitazama karatasi. Kiti kimoja! Majimbo mengine yanapeleka wawakilishi kwa makumi. Sisi, jimbo la kwanza kuikubali katiba, tunapeleka mtu mmoja. Zamani sana tulipata viwili, miaka kumi tu, kisha wakatunyang'anya kimoja. Toka hapo ni mmoja baada ya mmoja, miaka mia mbili, kila mmoja kabeba sote mgongoni: wavuvi wa kaa, wachuma pichi, wafugaji. Nikajiuliza Harlan Truitt ni nani wa kutia jina lake hapo.

Mkono uliona haya. Nikampigia mjumbe aliyepo.

Jumatano, 6 Novemba

Wilbur kanishinda kwa kura mbili. Mbili!

Nikamlilia Mama. Kanisikiliza, kisha kasema yeye kampigia Wilbur. Nikadhani sikusikia. Kanijibu bila wasiwasi: "Si ulinikataza mwenyewe, mwanangu? Nikaona kura isiharibike, nimpe jirani. Ni adabu." Nilisahau kumwambia nimebadili mawazo. Nimefanya hesabu: kura yangu na yake zingenitosha kabisa. Nimelala bila kula.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimesimama kando ya barabara, nimemshika Mama mkono. Baridi, moshi wa ng'ombe mzima anayechomwa, watu hadi juu ya paa. Magari yakaanza kupita. Mjumbe wetu na mpinzani wake wanatazamana, wanacheka kama watu waliooana. Mama akawa anatafuta Truitt katika kila gari. Nilitamani ardhi inimeze.

Likaja gari la mwisho. Wilbur ndani, peke yake, amenuna. Alipotufikia akamsimamisha dereva. Kanipigia kelele mbele ya umma wote: "We Truitt, panda! Mshindi hapandi bila mshindwa wake. Nazunguka peke yangu hapa kama maiti!"

Nikapanda. Magoti kwa magoti na Messick! Nikageuka. Mama alikuwa analia, anapunga kitambaa.

Mpiga mbiu, kofia ndefu kichwani, akasimama barazani mwa mahakama akasoma matokeo yote. Akafika jina langu. Akalisoma kwa sauti ileile aliyomsomea mjumbe. Palepale, miaka nenda rudi, wamesomwa wote waliokwenda Washington na wote walioshindwa kwenda. Nilivua kofia.

Kisha shoka. Mpini mmoja, mikono mingi. Mkono wa Wilbur juu ya wangu, wa moto. Tukalifukia. Nikamwambia jogoo wake anakaribishwa. Akasema amekwisha kufa, kitambo. Tukala nyama pamoja, machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeamka mtu mpya. Nimesamehe kila mtu.

Ila Wilbur anasimulia dukani kwamba mkono wake ndio uliokuwa juu. Juu! Hilo halivumiliki. Safari ijayo nagombea useneta; ataniiga tu, nimshinde, nimpandishe garini mimi. Nimeshaanza maandalizi. Kushinda kiti chenyewe ni hatari bado, kwa hiyo asubuhi hii nimemwambia Mama asinipigie.

Kauliza ampigie nani. Nimemwambia yeyote ampendaye.