Ufunguzi wa Wodi ya Mashujaa, Walukuba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya, waheshimiwa madiwani mliokuja na mliotuma wake zenu, mashehe, maaskofu, maafande wa polisi na magereza, wenye boda boda mnaoziba njia, wananchi wa Walukuba na wageni wetu kutoka Mbale, itifaki yote imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje kimoyomoyo. (Makofi.)

Nasimama hapa nikiwa Waziri Mdogo wa Kumbukumbu za Ukombozi, tena nikiwa mpiganaji. Wapo watu wa maneno maneno wanaouliza, huyu Erisa amezaliwa miaka miwili baada ya vita, alipigana wapi? Nawajibu kitaalamu: mama yangu alipokimbia risasi kutoka Jinja hadi Mbale, mimi nilikuwa tayari katika mipango yake ya muda mrefu. (Kicheko. Afande mmoja anageuka kuangalia nani anacheka.)

Ndugu zangu, mnalala usingizi kwa sababu yetu. Barabara ina mashimo, mnalala. Dawa hakuna, mnalala. Na utafiti wa wizara yangu unaonyesha kwamba usingizi umepanda kwa asilimia tisini na nne, ndani ya fremuweki ya maendeleo endelevu, kwa hiyo anayeulizia dawa anataka kuturudisha vitani. Mbona mnanong'ona? Kaa chini! Nimesema wote chini! (Wazee wanatoka kwenye viti na kulala kifudifudi, mikono kichwani, kama siku zile za vizuizi vya jeshi.) Asanteni sana. Nidhamu ya namna hii haipatikani nchi jirani.

Sasa mtazameni shujaa wetu, Mzee Ramathan, pale mbele kitandani. Binti yake Hasifa amemleta alfajiri kutoka Nkoma, kule Mbale, awe mgonjwa wa kwanza wa wodi hii, maana risasi ya vita ile bado imo nyongani mwake na wiki hii imeanza kutoa usaha. Pigeni picha! Mzee, punga mkono. Huo mwingine. (Anapunga.) Risasi hiyo, kizalendo, ni yetu sote.

(Hasifa: "Bwana mkubwa, baba iko na homa kali, mimi naogopa. Daktari iko wapi?")

Swali zuri, binti, tutaliingiza katika feizi ya pili.

(Mzee Ramathan: "Afande, mimi naomba tu hii risasi itoke.")

Itoke? Mzee, hiyo ni historia! Ikitoka, watoto wetu watasoma nini? (Makofi, jukwaa kuu peke yake.)

Namalizia. Ukombozi, hoyee! Mashujaa, hoyee! Shukrani za dhati kwa fundi aliyetuchorea hospitali nzima juu ya turubai hili nyuma yangu, hata madirisha mtu angedhani yanafunguka, na kwa Bwana Geresom wa mahema, aliyetukubalia tutumie kitanda cha mkewe mpaka saa kumi. Naona ameshafika na pikapu yake. Hasifa, mwanangu, mshike baba yako kwapani, vijana wanakuja kuchukua kitanda.