Keria za Kuchomoka

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa kitu chochote, na ndiyo maana alikuwa mwepesi hivyo. Mtaalamu wa kweli ana vyeti, ana vifaa, na ana aibu kidogo. Huyu wetu alikuwa na ulimi, shati jeupe la mikono mirefu, na kalamu tatu mfukoni kifuani, mbili kati ya hizo hazina wino.

Asubuhi moja alisimama karibu na kijiwe cha pikipiki akichokonoa meno, anamwangalia dereva mmoja aitwaye Kifupi akipigana na mipira ya kufungia mzigo. Kifupi alikuwa amebeba gunia la viazi, kalifunga kwa mipira mitano, na mwenye viazi amesimama pale anasubiri mali yake. Mipira haifunguki. Kifupi akavuta huu, ukamchapa kidole. Akavuta ule, ukamchapa shavu. Wa tatu ukaachia wenyewe bila kuombwa, gunia likaanguka, viazi vikasambaa barabara nzima.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtaalamu hakucheka. Mtu wa kawaida akiona viazi barabarani anaona viazi. Yeye aliona mji mzima wa watu wanaotaka kurahisishiwa maisha, na mtu anayetaka kurahisishiwa maisha, jamani, hana tofauti na kuku aliyekwisha nyonyolewa.

Baada ya wiki moja alirudi na keria za ubavuni. Tusimnyime haki yake, keria zenyewe zilikuwa nzuri. Zilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa mtaa wa nyuma, mtu mwaminifu asiyeuliza maswali. Ubavuni mwa pikipiki unafunga vikono viwili vya chuma kwa boliti, hivyo havitoki. Keria inaning'inia kwenye vikono, inabanwa na kufuli dogo. Ukitaka kuishusha unaingiza ufunguo, unazungusha robo, keria inachomoka na mzigo wake wote. Spana huhitaji, mipira huhitaji, na shavu lako linabaki zima.

Hakuanza na madereva. Alianza na Mwenyekiti wa kijiwe, mtu mnene mwenye pikipiki ambayo haijabeba abiria tangu achaguliwe.

"Mheshimiwa, saa yako inasoma sekunde?"

"Inasoma."

"Hesabu." Ufunguo ndani, robo, kwaa! Keria mkononi. "Ngapi hizo?"

"Nne."

"Na kwa mipira?"

"Mipira ni uhuni," alisema Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameitumia miaka kumi na moja.

"Nilijua tu. Wewe ni mtu wa kuona mbali."

Mwenyekiti alikohoa kikohozi cha kiongozi. "Sasa kijiwe kitapata nini?"

"Kijiwe kitapata maendeleo. Wewe utapata chako."

Mgawanyo huo ulimridhisha sana. Kesho yake aliwakusanya wanachama, akawahutubia nusu saa juu ya usalama, heshima ya kazi na mataifa yaliyoendelea, kisha akatoa amri: pikipiki isiyo na keria za Mtaalamu haitapanga foleni pale. Makofi yalikuwa machache, lakini yalipigwa.

Sasa sikiliza ufundi wenyewe. Mtaalamu alikuwa na pea nne tu za keria. Nne! Na makufuli yote aliyaagiza ya namna moja, ufunguo mmoja, ili ule wake uingie kokote. Anamuuzia mtu, anamfungia, anampa risiti yenye muhuri wa kampuni isiyokuwepo. Baada ya siku tatu nne, mwenye pikipiki kaingia benki, au hospitali, au kwa shemeji yake kunywa chai, Mtaalamu anapita mchana kweupe na shati lake jeupe. Robo, kwaa, huyoo. Nani atamshuku mtu mwenye kalamu tatu? Anazifuta vumbi, anazipaka rangi mpya, na mteja mwingine anapokea mali mpya kutoka kiwandani. Kazi yake kubwa ilikuwa kununua vikono vipya, maana vya zamani vilibaki kwenye pikipiki za waliolizwa.

Na uongo hakusema. Alisema zinatoka haraka. Hakuna aliyemuuliza zinatoka kwa nani.

Walioibiwa walikwenda kulalamika kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti aliwasikiliza kwa uchungu mkubwa, akasema kamati inalishughulikia. Kamati ilikuwa yeye.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo kama Mtaalamu asingemuuzia Mama Tanuri. Huyu alikuwa mwoka mikate, mjane, mwenye pikipiki yake mwenyewe na mikono iliyokwisha kuzoea moto. Alikuwa na tenda ya kupeleka mikate hosteli ya wanafunzi wauguzi kila siku kabla ya chai ya saa nne. Tenda hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto watatu na mama mkwe mmoja asiyeshiba chakula wala maneno. Alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili kwa ajili ya hiyo mipira, ndipo akanunua keria.

Jumatano akasimama dukani kuchukua hamira. Dakika mbili. Alipotoka, vikono vilikuwepo, keria hazipo, na mikate arobaini imekwenda nazo.

Mtaalamu hakuwa na mpango wa kuiba mikate, tumwamini kwa hilo. Aliikuta tu humo. Aliila siku tatu, asubuhi kwa chai na jioni kwa maji, akasema moyoni kwamba mwoka huyu anajua kazi.

Kule hosteli msimamizi alimpokea Mama Tanuri mlangoni, mikono kiunoni. "Mama, mimi nakuheshimu, lakini wanafunzi hawatafuni heshima. Hii ya tatu."

"Nimeibiwa, dada yangu."

"Pole sana, kwa kweli. Jumatatu ya wiki ijayo, kabla ya saa nne, mikate themanini, ikiwa mizima haijabonyea. Ikishindikana tenda naipeleka kwa mwingine, na usinililie."

Mama Tanuri alilia njiani, akajifuta kabla ya kufika nyumbani ili mama mkwe asipate la kusema. Mikate themanini bila keria haibebeki. Na keria nyingine hana uwezo nazo.

Ijumaa alipita kijiweni. Kifupi alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, anaringa, keria mpya zinang'aa. Mama Tanuri akainama kuziangalia. Kwenye pembe ya ndani, mahali ambapo rangi mpya haikufika, kulikuwa na unga. Akaugusa kwa kidole, akakilamba. Unga wake anaujua. Akatoa ufunguo wake, akaingiza, akazungusha robo. Kwaa!

"Mama!" Kifupi aliruka. "Unaniibia na mimi nimekaa juu yake?"

"Nyamaza. Umenunua lini?"

"Jana."

"Hizi zilikuwa zangu Jumatano. Hebu lete ufunguo wako."

Walizifananisha funguo zao. Meno yale yale. Kifupi akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na kabla ya adhuhuri walikuwa watu kumi na wawili wamejaa ua wa tanuri la mikate, wanne wenye keria na wanane wenye vikono vitupu, kila mmoja ana ufunguo unaofungua mali ya jirani yake. Kelele zilizopigwa pale hazifai kuandikwa.

"Twendeni tukamtie adabu!" alisema Kifupi. "Ngumi moja moja, kila mtu na zamu yake!"

"Ukishampiga utapata nini? Mkono utakuuma na keria huna," alisema Mama Tanuri. "Siku za mwizi si arobaini? Huyu kaiba mikate arobaini kwa mkupuo, siku zake zimekwisha. Nyie kaoshe pikipiki zenu."

"Tuzioshe?"

"Zing'ae. Ng'oeni na hivyo vikono vitupu. Na nyie wanne mlio na keria, kesho ziegesheni sehemu anapopita mkaangalie pembeni. Mwacheni achukue, ndipo nanyi mng'oe vikono."

Mchana huo alimkuta Mtaalamu ofisini kwake, yaani kwenye meza moja mlangoni mwa duka la fotokopi. Mwenyekiti alikuwepo, amekuja kufuata chake. Mtaalamu alipomwona mama mwenye mikate alibadilika rangi kidogo.

"Mama yangu! Nimesikia yaliyokupata. Roho imeniuma."

"Uzembe wangu, mwanangu. Niliacha pikipiki peke yake. Wewe kazi yako ilikuwa safi."

Mtaalamu akapumua. Mtu anayejilaumu mwenyewe, kwake yeye, alikuwa zawadi.

"Mimi nimekuja kwa jingine," aliendelea mama. "Hosteli imepanua tenda. Nimeletewa pikipiki kumi na mbili za kusambazia mikate. Zinahitaji keria zote, Jumatatu saa moja asubuhi. Nilitaka kumpa fundi wa ng'ambo ya soko, lakini nikasema kwanza nimwone mwanangu."

"Kumi na mbili," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imelegea.

"Malipo ya awali…" alianza Mtaalamu.

"Hakuna. Hawa watu wa taasisi unawajua. Mpaka waone zimefungwa ndipo watoe. Na wana masharti, kila pikipiki kufuli lake na ufunguo wake, zisiingiliane. Kama ni taabu, niambie tu, yule wa ng'ambo ya soko kanikubalia asubuhi."

"Nani kasema taabu?" alidakia Mwenyekiti. "Mtaalamu, kuna taabu?"

Hakukuwa na taabu. Kulikuwa na hesabu tu. Pea nne angezikusanya kesho yake mjini, na alishangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi Jumamosi hiyo, wenye pikipiki wote kama wamelogwa, wanaangalia ndege. Nane zilizobaki ilibidi zichomelewe. Fundi wa mtaa wa nyuma hakopeshi, hata kwa ndugu. Mtaalamu akatoa akiba yake yote, Mwenyekiti naye akatoa yake na ya kijiwe, ambayo alikuwa ameitunza muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba si yake. Makufuli kumi na mawili mapya, funguo kumi na mbili tofauti. Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma. Hawa wawili hawakugeuka hata kuangalia nyuma.

Jumatatu saa moja, pikipiki kumi na mbili zilikuwa zimepangwa uani, safi kama sahani. Hakuna kinachomficha dereva wa pikipiki kama kuosha pikipiki yake. Mtaalamu alizipita moja moja hakuitambua hata moja. Alivua shati jeupe, jambo ambalo halijawahi kutokea hadharani, akapiga magoti na spana, Mwenyekiti kasimama pembeni.

"Mheshimiwa, njoo uone. Wameshatoboa matundu!"

"Kwenye vipimo?"

"Kwenye vipimo kabisa. Tundu limekaa, halikwenda kushoto halikwenda kulia. Aliyetoboa hapa," alisema Mtaalamu kwa heshima ya kweli, "ni fundi."

Alifunga zote. Boliti akazikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, maana Mama Tanuri alikuwa nyuma yake anatikisa kila keria na kusema "hii bado." Saa tatu kasorobo kazi ilikwisha. Ilikuwa kazi nzuri. Hakuwahi kufanya nyingine kama hiyo maishani, na jasho lilikuwa linamtoka mahali ambapo hakujua kwamba hutoka jasho.

"Haya mama, mhasibu yuko wapi?"

"Wenye pikipiki ndio hao."

Mlango wa stoo ya unga ukafunguka. Akatoka Kifupi, mweupe kichwani, na nyuma yake wenzake kumi. Kila mmoja alichukua ufunguo wake, akaujaribu kwenye keria yake, kisha akaujaribu kwenye ya jirani. Haukuingia. Wakaitikia kwa kichwa.

"Asante, fundi," alisema Kifupi, akawasha.

"Hee! Hizo hazijalipwa!"

"Nililipa wiki iliyopita. Risiti hii hapa, ina muhuri wako. Au muhuri si wako?"

Mtaalamu aliitazama risiti. Ulimi ule uliouza pea nne za keria mara kumi na mbili ulikuwa umebanwa pande zote mbili. Aseme muhuri si wake, ametapeli. Aseme ni wake, wamelipa. Pikipiki zikatoka moja baada ya nyingine, kila mwenye risiti anaipungia hewani.

"Na fungu langu?" alipiga kelele Mwenyekiti. "Hela ya kijiwe je?"

"Kamati inalishughulikia," alisema Mama Tanuri, tayari yuko juu ya pikipiki yake, keria mbili zimekaa ubavuni, mikate themanini ya moto ndani.

Alifika hosteli saa tatu na nusu. Akazungusha ufunguo kushoto, akazungusha kulia, akaingia jikoni na keria mkono huu na keria mkono ule. Msimamizi alibonyeza mkate mmoja, ukainuka wenyewe. Akatia saini ya mwaka mzima. Mama Tanuri alitoka nje akakaa kwenye ngazi akacheka peke yake, mpaka mlinzi akamuuliza kama yuko salama.

Kule uani Mwenyekiti alikuwa amemshika Mtaalamu ukosi wa fulana. "Hela ya wanachama wataiulizia mkutano ujao, unanisikia? Utafunga keria mpaka irudi. Hutoki mbele ya macho yangu."

Hapo geti likagongwa. Alikuwa dereva mgeni, na nyuma yake wengine watano sita wamepanga foleni mpaka barabarani.

"Samahani, fundi aliyefunga zile keria ndiye nani? Tumekutana nazo hapo mbele. Kitu hakitikisiki! Na kila mtu na ufunguo wake!"

"Ndiye huyu," alisema Mwenyekiti, akamsukuma mbele.

Mtaalamu aliwaangalia wale watu, akaangalia viganja vyake vilivyochubuka. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea, akasema ukweli mtupu.

"Jamani, mimi si fundi. Mimi ni tapeli."

Foleni nzima iliangua kicheko.

"Huyu huyu!" alisema yule mgeni, anamkabidhi spana. "Mafundi wengine wote wanajisifu. Anza na yangu, tutakulipa ukimaliza."