Yah: Mama Mkwe Kuachwa Nje ya Historia ya Kiwanda cha Hedifoni

Kwa Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Historia ya Kiwanda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio yako wazi. Mimi ni mama mkwe wa Mkurugenzi, yule mama uliyempita kwenye korido siku uliyokuja kupiga picha, ukamwambia shikamoo bila kusubiri jibu. Marahaba.

Binti yangu ameniletea rasimu ya kitabu chako ili niisome nikiwa nimetulia. Nimeisoma, na sijatulia. Kinaeleza jinsi kampuni yetu ilivyoanza kutengeneza hedifoni na maikrofoni. Kina picha za mashine, za wageni, hata za mti ulio nje ya geti. Mimi simo. Basi, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Ukurasa wa kwanza unasema mkwe wangu alibuni hedifoni ya kwanza "kwa mapenzi yake makubwa ya muziki". Ndugu Mhariri, mkwe wangu hapendi muziki. Kwenye harusi yake mwenyewe alihamishia kiti chake karibu na stoo. Wakati huo alikuwa fundi redio, yeye na binti yangu wakiishi kwangu, chumba cha nyuma, na meza yake ya kazi ilikuwa jikoni kwangu, chini ya dirisha. Mimi nilikuwa napika na kuongea. Sasa, mkwe mwenye adabu hamwambii mama mkwe anyamaze, wala hainuki kuondoka mama akiwa katikati ya habari, na mimi sijawahi kufika mwisho wa habari. Kijana wa watu afanye nini? Akachukua vifuniko viwili vya makopo ya rangi ya viatu, akavipachika kwenye henga ya nguo aliyoikunja, akaning'iniza waya, akajivika kichwani. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba anasikiliza kama redio ya mteja imepona. Nikamwamini. Binti yangu ndiye aliyenionyesha baadaye kuwa ule waya haukuunganishwa na kitu chochote. Ulishuka shingoni, ukapita kifuani, ukaishia mfukoni mwa shati. Hiyo ndiyo hedifoni ya kwanza ya kampuni hii, na ilibuniwa kwa ajili yangu.

2. Unaandika kwamba sponji ya kuzuia sauti "ilipatikana baada ya majaribio mengi". Ilipatikana ndani ya mto wangu. Nililala wiki nzima nikidhani kichwa changu kimeongezeka uzito.

3. Maikrofoni unaiita "ubunifu wa timu". Timu ipi? Ni binti yangu, aliyenihurumia kuona naongea na mgongo wa mtu. Mumewe aliposinzia mezani na hedifoni yake kichwani, alipachika vispika vya redio mbovu ndani ya vile vifuniko, akautoa waya mfukoni, akauunganisha na redio nzima na kipande cha kuongelea cha simu ya zamani, akanishikisha. Mimi nilimuuliza mkwe wangu tu kama atakunywa chai. Aliruka, meza ikapinduka. Tangu siku hiyo kampuni ina bidhaa mbili, moja ya kunikimbia na nyingine ya kunirudisha. Majirani waliposikia, wakaja. Fundi cherehani, ambaye dada zake wote walikuwa wamerudi nyumbani, alichukua hedifoni asubuhi. Jioni dada zake wakaja kutafuta maikrofoni. Biashara ilikua hivyo, nyumba kwa nyumba, na hakuna hata neno moja kuhusu hilo katika kitabu chako.

4. Kiti changu. Kiwanda kilipojengwa, niliwekewa kiti cha bluu katika chumba cha majaribio. Kila hedifoni mpya ilipimwa kwangu: mfanyakazi anaivaa, mimi naongea. Akitabasamu, akiguna, au akiuliza ikawaje, hedifoni inarudishwa kwa mafundi. Kuna dada mmoja wa ufungashaji aliyelia nilipofika kwenye habari ya kuvunjika kwa ndoa ya jirani yangu. Toleo zima likavunjwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana maboksi yetu ya zamani yaliandikwa ubora kwa kipimo changu: Mama Moja kwa matumizi ya kawaida, Mama Mbili kwa wenye familia, Mama Tatu kwa wenye shida kubwa. Leo mhandisi mpya amefuta yote hayo. Ameleta desibeli zake za kupimia sauti, na kisanduku cheusi chenye spika ambacho, anasema, kinafanya kazi yangu bila kunywa chai. Nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Hapa niseme wazi, maana inaniuma. Nyumbani hakuna mtu wa kuongea naye. Binti yangu yuko kiwandani. Wajukuu wanakula wakiwa wamevaa hedifoni za Mama Tatu, nilizozipitisha mimi mwenyewe. Nikiwaambia chakula kina moto, wananiinulia dole gumba na kuungua. Siku hizi naongea na friji, ambalo angalau hunguruma. Pale kiwandani watu walivalishwa vitu ili wasinisikie, ni kweli, lakini walikuwa wamekaa mbele yangu na kunitazama usoni. Nakitaka kiti changu.

5. Kwa hiyo nadai niandikwe katika kitabu, si kama mfanyakazi, bali kama malighafi. Historia ya kiwanda cha sukari haiwezi kuacha kutaja miwa. Kampuni hii inauza ukimya, na ukimya hauna soko mpaka awepo mtu wa kukimbiwa. Mtu huyo ni mimi. Jalada liwe na picha ya mdomo wangu, ukiwa wazi, na mti wa getini uhamie ukurasa wa nyuma.

6. Nikipuuzwa, nitanyamaza. Usicheke. Nikinyamaza mimi, nikawashawishi na mama wakwe wenzangu, mashangazi na mawifi, mji mzima utatulia. Nani atanunua hedifoni? Kiwanda kitafungwa, na wewe badala ya historia utaandika tanzia. Na nikishindwa kunyamaza, jambo ambalo binti yangu anaona ndilo litakalotokea, nitahamia kwako. Mto ninao, ingawa ni mwembamba.

Nisalimie mafundi wote, walinzi wa geti, na dada wa ufungashaji. Mwambie kwamba yule jirani na mumewe wamerudiana. Msalimie hata mhandisi, sina kinyongo naye kikubwa. Nijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo hutapata nafasi.

Ni mimi, niliyewapa sababu ya kuanza,
Mama Mkwe wa Mkurugenzi

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mkwe wangu alinipeleka kiwandani nikakione hicho kisanduku. Akanikalisha kwenye kiti changu cha bluu, akakiwasha. Kumbe sauti iliyomo ni yangu! Mhandisi alitaka kuweka mlio wa mashine, mkwe wangu akakataa katakata. Alisema kiwanda hiki hakitapimwa kwa sauti nyingine. Alikuwa akinirekodi siku zote, akiogopa kwamba ipo siku nitachoka. Ndugu Mhariri, machozi yalinitoka. Nikasikiliza. Yule mama akaanza na ndoa ya jirani, akaingia kwenye paa linalovuja, akarudi kwenye ndoa. Kuna mahali alikosea, nikataka kumsahihisha, hakunipa nafasi. Nikasubiri avute pumzi. Hakuvuta. Kumkatiza siwezi, ni mtu mzima. Mkwe wangu alinitazama, akavua hedifoni yake akanivika. Waya wake nikautia mfukoni.

Ukurasa wa kwanza uache ulivyo. Ni mapenzi ya muziki. Kiti mwachieni yule mama. Mimi niletewe hedifoni moja ya Mama Tatu, na kama mafundi wana kitu kinachozidi hapo, nitashukuru zaidi.