Jipu la Mkuu Mbele ya Kamati ya Dhamiri

Ilitangazwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu chuoni atakayetibiwa ugonjwa wowote, uwe mafua au mguu uliovunjika, kabla ugonjwa wake haujajadiliwa kimaadili. Mkuu wa Chuo alilitoa tangazo hilo mwenyewe jukwaani, na ukumbi ukapiga makofi, kwani makofi yalikuwa kwenye ratiba.

Sababu ilikuwa nzito. Somo la Utangulizi wa Falsafa lina mada ya maadili ya tiba, na kila mwaka wanafunzi waliisoma, wakaifanyia mtihani, wakaisahau kabla wino haujakauka. Mkuu akaona huo ni ufujaji wa dhamiri. Akaunda Kamati ya Dhamiri, akajiteua mwenyekiti, na mtihani akauhamishia kwenye zahanati ya chuo. Mwanafunzi atakaa mezani, mgonjwa wa kweli ataingia mlangoni, na Kamati itatoa alama hapo hapo.

Aliandika na Mwongozo. Ulikuwa mfupi, kama amri nyingi zenye madhara. Ridhaa ya matibabu itatolewa na mwenye cheo kikubwa kuliko wote chumbani. Siri ya mgonjwa ni mali ya taasisi. Matibabu yenye sifuri hayahesabiki kuwa matibabu. Maoni ya mgonjwa yatapokelewa baada ya mgonjwa kupona.

Sasa, palikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeitwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Vijana wa mwaka wa kwanza walimpa jina hilo kwa sababu alijiunga na chuo akiwa ameshalea, ameshazika, na ameshafukuzwa kwenye nyumba za kupanga nyingi kuliko vitabu alivyosoma mhadhiri wake. Mada hii ilikuwa imemwangusha mara mbili. Swali lilikuwa lile lile: mgonjwa anakataa kukatwa mguu, utafanya nini? Mara zote mbili aliandika, "Nitamuuliza kwa nini." Mara zote mbili alipata sifuri, na pembeni maneno mekundu: *Umeruka ngazi.* Akianguka mara ya tatu, ni kufungasha virago.

"Mama, nakuomba," binti yake alimwambia asubuhi ya mtihani, akimkazia kilemba. "Safari hii usifikiri. Jibu tu."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Wakikuuliza nani aamue, unasema nani?"

"Mkubwa. Nimeshika. Mama yako si gogo."

Zahanati ilikuwa chumba kimoja: kitanda, pazia, benchi la wagonjwa, na meza ndefu iliyoletwa kwa ajili ya maadili. Nyuma ya meza walikaa Naibu Mkuu, Mwalimu wa Falsafa, na Mhasibu, ambaye aliteuliwa kuwakilisha dhamiri kwa kuwa siku ya uteuzi hakuwa na udhuru. Wanafunzi walijipanga ukutani kutazama. Muuguzi alisimama kando ya kitanda na glavu zake mkononi, kama mtu anayesubiri mvua ya wengine ipite.

Mtahiniwa wa kwanza alipata kijana aliyechomwa na kibanzi kidoleni. Wakajadili haki ya kidole, wajibu wa kibanzi, na maslahi mapana ya mkono, mpaka kijana akakitoa kibanzi kwa meno na kwenda zake. Kamati ikahesabu huo kuwa ushindi wa majadiliano.

Ikafika zamu ya Shangazi. Mlango ukafunguka, akaingia Mkuu wa Chuo mwenyewe, ubavu ubavu, mgongo ukutani, kama kaa.

Wiki nzima Mkuu alikuwa na jipu kwenye kalio la kushoto. Wiki nzima aliendesha vikao akiwa wima, na watu wakamsifu kuwa huyu ndiye kiongozi asiyependa kiti. Alikuwa ameagiza mtihani usogezwe hadi mchana ili yeye apite zahanati asubuhi kimyakimya. Agizo hilo lilikuwa bado mezani kwake likingoja saini, na kwenye meza hiyo hakuwa ameketi tangu jipu lianze.

Akaiona Kamati. Kamati ikamwona.

"Nimepita kuwasalimia tu," alisema.

"Unasalimia umeshika kiuno, Mkuu?" aliuliza Muuguzi. "Hebu geuka. Ala! Hili limeiva. Linakatwa leo."

"Halikatwi! Nimesema nasalimia!"

Mwalimu wa Falsafa alikohoa. "Maoni ya mgonjwa hayo. Yatapokelewa akipona. Swali kwa mtahiniwa: hapa ridhaa inatolewa na nani?"

"Na mimi!" alifoka Mkuu. "Mimi ndiye mwenye cheo kikubwa humu!"

"Ulikuwa," alisema Naibu kwa upole wa mtu aliyeingoja siku hiyo miaka mingi. "Mkuu akiugua, Naibu anakaimu. Kwa hiyo mwenye cheo humu ni mimi. Na mimi nimeridhia kwa moyo mweupe. Likatwe. Wanafunzi sogeeni muone, siri ni ya taasisi, na taasisi ndiyo nyie."

Wanafunzi wakasogea. Aliyekuwa mbele alimpisha mfupi.

"Kalio ni langu!" Mkuu alilia. "Niulizeni mimi!"

"Jibu hilo lina sifuri, Mkuu," alisema Mwalimu kwa huzuni. "Ulilisahihisha mwenyewe. Mara mbili."

Wote wakamgeukia Shangazi. Neno moja tu lilihitajika: Naibu. Alilihisi kwenye ulimi, jepesi, tayari kutoka. Ningekuwa mimi, aliwaza, ningelitema nikaenda zangu nyumbani. Kisha akagundua kwamba ni yeye. Na yule mwenye jasho puani, aliyembandika sifuri mbili bila hata kumjua uso, alikuwa anatetemeka kama mtoto wa chanjo.

"Mkuu," alisema, "unaogopa nini hasa?"

Swali lile halikuwa kwenye Mwongozo.

"Kisu," Mkuu alinong'ona. "Na hawa."

"Wakitoka, utakubali kukatwa?"

"Wakitoka... basi, nitajikaza."

"Tokeni," Shangazi aliwaambia wanafunzi. "Hata nyinyi mezani, angalieni ukuta. Sista, endelea."

Pazia likavutwa. Kikasikika kilio kimoja kifupi, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyerudishiwa dunia.

"Sifuri," alisema Naibu akiwa bado anaangalia ukuta. "Umeruka ngazi. Fungasha."

"Nani kampa sifuri?" sauti ya Mkuu ilinguruma nyuma ya pazia. "Mpeni mia! Nimepona!"

"Mgonjwa atulie," alisema Naibu.

Hapo Mwalimu wa Falsafa akainua kidole. Mwongozo, alikumbusha, unasema matibabu yenye sifuri hayahesabiki kuwa matibabu. Kwa hiyo jipu, kimaadili, bado lipo. Na mwanafunzi haruhusiwi kuondoka chuoni akiwa na mgonjwa ambaye hajapona, kwani huko ni kumtelekeza. Kwa hiyo Shangazi habanduki mpaka Mkuu apone. Naibu alitafakari, akaona pia kwamba yeye atakaimu mpaka siku hiyo hiyo, akasema hoja imepita.

Wiki iliyofuata Kamati ilikaa kuamua kama Mkuu amepona. Mkuu alikuja mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha mbao, akainuka, akaketi tena kwa kishindo. Mhasibu alisema zoezi lile linavutia ila halina hadhi ya ushahidi.

"Mtahiniwa," alisema Naibu kutoka kwenye kiti cha mwenyekiti, "mgonjwa wako amepona au hajapona?"

Shangazi alimtazama Mkuu, kisha akawatazama wajumbe.

"Si huyo hapo amekaa? Muulizeni."

Wajumbe walitazamana. Mhasibu alifunua Mwongozo mbele na nyuma. Hapakuwa na kifungu kinachomruhusu yeyote kati yao kumuuliza. Naibu akaandika sifuri nyingine, akaahirisha kikao hadi muhula ujao, na wajumbe wakatoka wakizungumzia hali ya hewa. Shangazi akakumbuka ana kipindi, naye akatoka.

Mkuu alibaki kitini peke yake, amekaa vizuri kabisa, hana maumivu hata kidogo, na hakuna aliyemuuliza kitu.