Jeneza Lililofungwa kwa Mikanda ya Malori

Mfangano,
Jumanne.

Kwa Mzee Abdinasir,
Mwenye boti na duka la simiti,
Mbita.

Asalaam aleikum, Mzee wangu,

KUH: NDUGU YANGU KUFUNGWA KAMBA AKIWA MAITI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na biashara ikienda. Sisi huku tuko salama, isipokuwa tumekasirika. Unakumbuka Ijumaa tulikodi boti yako kumvusha marehemu ndugu yangu Maurice, tuje tumzike kwake nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na kwa niaba ya kamati naomba nieleze jinsi tulivyodhalilishwa.

1. Tulicheleweshwa. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa, pamoja na simiti na vigae vya kaburi, jenereta, spika za muziki na fahali wa kuchinja. Desturi ni kwamba mzigo ukishaingia, safari. Lakini nahodha wako Yassir alitoa kamba na mikanda ile ya malori, akaanza kukaza kitu kimoja kimoja kwenye pete za chuma. Simiti aliipanga chini katikati kana kwamba anatandika kitanda cha mgeni. Akina mama waliishiwa na nyimbo za kuomboleza, wakaanza kuulizia chai.

2. Jeneza nalo likafungwa. Mzee, Maurice hakuwa mwizi wa kuku. Isitoshe, wewe umekaa nasi siku nyingi, unajua kwamba kwetu marehemu ambaye hajaridhika hukataa safari: gari huzima njiani, na haliwaki mpaka wazee wamsemeshe kwa upole. Hiyo ni haki yake ya mwisho. Sasa mtu aliyekazwa mikanda ya malori atakataaje? Tumemvusha kwa nguvu, na hatujui alikuwa na maoni gani.

3. Aliyesababisha yote haya ni mjane, shemeji yangu Benta. Kazi ya mjane ni kulia, na watu wa kumshika walikuwepo wa kutosha. Badala yake alizunguka boti nzima akivuta kila kamba kwa mkono wake, na palipolegea alimwita Yassir arudie. Nilimkanya mbele ya watu. Akanijibu, "Shem, mzigo haijui kama hii ni matanga. Maliza kuongea tufunge." Nahodha wako akamtii yeye, akaniacha mimi mwenyekiti nimesimama kama nguzo ya stima. Najua Benta anawaza nini. Maurice alifia kwenye boti ya mtu mwingine, wakati mashine ya kusaga aliyokuwa akiileta nyumbani ilipoteleza kwenye upepo ikambana ubavuni. Ni kweli haikuwa imefungwa. Lakini ile ilikuwa siku yake, na siku ya mtu haizuiwi kwa kamba.

4. Kamba zenyewe hazikufanya kazi yoyote, na ushahidi ninao. Tulipofika katikati ya ziwa upepo uliamka, boti ikalala upande huu, ikalala upande ule, hata mimi nikamkumbuka Mungu kwa sauti. Niliukodolea macho mzigo safari nzima. Hakuna kilichosogea hata kidogo! Simiti pale pale, fahali pale pale, jeneza pale pale. Sasa nakuuliza kwa heshima, kitu ambacho hakisogei kinafungwa cha nini?

5. Hasara ya jenereta ni yako. Vijana wa muziki, wakiongozwa na Bonface, walichukizwa kuambiwa spika zifungwe. Wakahamisha vyombo vyao kwenye boti nyingine isiyo na makuu, wakatangulia wakicheza. Upepo ule ule ulipowakuta, jenereta ilikwenda upande mmoja, spika zikaifuata, na vijana wakazifuata spika. Wavuvi waliwaopoa wote wakiwa hai, Mungu ni mkubwa, ila Bonface walimkuta ameikumbatia spika akidhani itaelea. Matanga yakawa kimya kama chumba cha mtihani. Kama si kamba zako, vijana wale wangesafiri nasi, na jenereta yao ingekaa huru kabisa kando yetu sote.

Kwa hiyo kamati inaomba pete za chuma zing'olewe, kamba zirudishwe dukani wauziwe wenye ng'ombe, nawe utoe mbuzi mmoja wa kumtuliza marehemu. Ukikataa, safari ijayo tutatafuta boti inayojua heshima.

Nisalimie Mama Hadiya na watoto, wapagazi wa dukani wote, na jirani yako wa duka la dawa. Yassir pia msalimie, ingawa bado nimemnunia.

Ndimi niliyeudhika, lakini bado rafiki yako,

Dishon Oguta,
Mwenyekiti, Kamati ya Mazishi.

Tanbihi: Sehemu hii kamati haijaiona. Jumapili watoto wa Maurice wanavuka kurudi shule. Lorine anakwenda bwenini Asumbi, na wadogo zake wanakwenda kwa shangazi yao Awendo. Watapanda boti yako, si nyingine. Nasikia siku hiyo mtakuwa mmebeba pia mashine ya mtu inayopelekwa kutengenezwa. Tafadhali Yassir afunge kila kitu, hata masanduku yao, hata magodoro, na watoto wakae mbali na hiyo mashine. Nitakuja ufukweni mapema nizishike kamba zote mimi mwenyewe, na ikilegea hata moja haondoki mtu. Watu wakiuliza, sema ni Benta aliyeagiza. Baba yao sasa ni mimi, Mzee, na naogopa.